Kama Unapanda Meli Pamoja na Mukwe Yako

Bon, bamama, munaniuliza mashauri ya safari ya meli juu mulisikia kama mimi nilishapandaka, na Mama Kyakimwa hapa mukwe yake amemualika Uganda na tangu asubui anatetemeka, donc itabidi niseme ile mambo yenye nilifichaka hata bwana yangu (yeye aliisikia kwa batu ya mupaka ya Kasindi mbele hata sijafika nyumbani, lakini anajifanya hajue, Mungu amubariki). Ni haya tupu. Mpaka leo nikipita ku soko nikasikia arufu ya samaki ya kukaanga, masikio yangu inakuwa moto, natembea mbio kama mutu mwenye aliiba. Cheka tu, Mama Kyakimwa, utaona mbele.

Munajua mutoto yangu wa kwanza, Masika, aliolewa na kijana wa Beni mwenye anauzisha bitenge kule Kampala. Kijana ni muzuri, sina neno juu yake. Lakini iko na dada yake mukubwa, Yaya Kahindo, njo alimulea kisha wazazi yao kufa, ni diakonesi ya kanisa kule Beni, mwanamuke wa kunyooka, hata kitenge yake haijikunji. Siku ya mahari Yaya Kahindo alisema mbele ya batu yote kama bataangalia sasa kama batu ya Kalunguta banajua bukwe, ile heshima ya bakwe. (Mimi nilizaliwa Kalunguta, ni kweli, lakini nimeisha kuzeekea hapa Butembo, ku Rughenda, ndege za uwanja zinapita juu ya paa yangu, mais kwake niko tu wa Kalunguta.) Tangu ile siku, Masika akiweka chumvi mingi mu mboga, ni malezi ya mama yake. Akichelewa kusalimia mugeni, ni malezi ya mama yake. Sasa alipozaa, mukwe yangu akataka kutushukuru, mimi na Yaya Kahindo, eti atatupeleka ku meli ndogo ya batalii, yenye kuzunguka bisiwa ya ziwa kule Uganda na kulala ndani usiku moja. Masika akanipigia simu, sauti chini-chini:

"Mama, nakuomba. Ni siku mbili tu. Hapana kunipatisha haya mbele ya Yaya."

Nikamuambia asiogope. Lakini mimi mwenyewe nikaanza kuogopa pale pale.

Juu bukwe yetu munaijua. Mama-mukwe na mukwe habagusane, habakae ku kiti moja, na zaidi ya yote habaonane banatafuna. Ku nyumba yao Kampala haikukuwa na shida: mukwe anakula mu salon ya bageni, mimi niko mu jikoni nyuma ya pazia na mujukuu, kila mutu na heshima yake. Nikaona kama ku meli itakuwa vile vile. Nikapita Beni, nikapita ile barabara ya Kasindi yenye kila mutu mu gari anaomba kimya-kimya juu ya batu ya bunduki, na nawaambia kweli, kule sikuogopa sana, roho yangu yote ilikuwa ku ile mambo ya mukwe. Jirani yangu Mama Soki, mwenye alivukaka ziwa kati ya Goma na Bukavu zamani, alishanipa mashauri yake: hapana kuangalia mayi, shika chuma wakati wote, na hapana kupanda na tumbo tupu, juu mayi itakukoroga mpaka utaomba kufa.

Sasa nikafika ku meli. Iko kidogo, kidogo kabisa, inang'aa rangi nyeupe, tuvitanda twembamba, tudirisha twa muviringo. Nikazunguka mbele, nikazunguka nyuma, nikatafuta jikoni. Jikoni iko ya bapishi, imefungwa. Nikatafuta nyuma ya nyumba. Wee, meli haina nyuma ya nyumba. Iko mbele, iko nyuma, kisha ni mayi. Mu nyumba yoyote ya Butembo, hata ya masikini, iko fasi mama anaweza kujificha na sahani yake, mais wazungu benye balitengeneza meli habakufikiri mambo ya bukwe hata kidogo.

Dada mumoja wa kofia nyeupe akatusimamisha akatupa masharti: tuvae ile gile ya kuelea ya rangi ya machungwa wakati tunashuka ku mutumbwi, hapana kupeleka chakula mu kabine, ile vyumba ya kulala, hapana kufungua milango yenye iko na rangi nyekundu, na kila mutu amuambie mwenzake fasi anaenda. Alisema mu Swahili, muzuri, pole-pole. Nilisikia yote, nilielewa yote, na sikushika hata neno moja, juu wakati ule nilikuwa naangalia kiti gani mukwe yangu atakalia ili mimi nikae ingine yenye kuwa mbali. Mukwe yangu naye alikuwa anacheka na Masika kama yeye mutu ya Beni hajue kuogelea hata mu beseni, ndiyo sababu gile yake ataivaa hata wakati ya kulala. Nilisikia ile, na ile njo nilishika.

Saa ya kula ikafika. Yesu wangu. Meza moja kwa famille moja. Kiti yangu imewekwa uso kwa uso na kiti ya mukwe, katikati ni samaki, hata kichwa yake inanitazama. Yaya Kahindo akakaa pembeni, mikono ku mapaja, anangoja. Alikuwa anangoja kuona kama mama ya Kalunguta atafungua kinywa. Na tumbo yangu, bamama, tangu jana yake sikukuwa nimekula kitu cha maana, juu mukwe alikuja kutupokea ku mupaka, mu gari tulikuwa pamoja naye, na ku hoteli ya njiani tulikuwa pamoja na mukwe. Meli nayo ikaanza kuyumba. Nikakumbuka Mama Soki na tumbo tupu.

Njo hapo nilifanya kile kitu kidogo. Nikasema naenda kunawa mikono. Masika alikuwa ananyonyesha, hakuangalia. Nikapitia fasi bapishi banapanga chakula, nikachukua kipande ya samaki na biazi ya kukaanga ku sahani, nikafunika na kitenge, nikaenda nyuma kabisa ya meli. Pale nikaona kamulango kafupi ka chuma. Rangi nyekundu, ndiyo. Nilipoinama kuingia, upepo ikakamata kitambaa yangu ya kichwa, ile ya maua ya zambarau yenye munaijua, ikaipeleka ku mayi. Niliiangalia inaenda. Mukono moja iko na sahani, mukono ingine iko na mulango, ningefanya nini. Nikajisemea nitaeleza kisha kula.

Ndani ilikuwa tu zile gile ya machungwa, zimepangwa mpaka juu, na kamba. Nikakaa juu yao, zilikuwa laini, nikavuta mulango ikabaki kanafasi kadogo, nikaomba kwa Mungu, nikaanza. Ile samaki ilikuwa tamu, siwadanganye. Mara ya kwanza tangu Butembo mabega yangu ikashuka.

Kidogo tu nikasikia viatu. Nikachungulia mu kale kanafasi. Ni mukwe yangu. Iko na sahani yake mu mukono, anaangalia nyuma kama mutu anafatwa, anakaa chini pale pale mbele ya mulango, ananipa mugongo, anaanza kula. Masikini, na yeye alinikimbia. Alitafuta fasi yenye mama-mukwe hawezi kumuona anatafuna, na mu ile meli yote akachagua mulango yangu.

Sasa nitoke namna gani? Nikitoka, namukuta na chakula mu kinywa, na yeye ananikuta na chakula mu kinywa, na kichwa yangu iko wazi, nywele haijasukwa tangu Pasaka. Nikaacha kutafuna. Samaki ikabaki mu shavu. Nikangoja amalize, lakini yule kijana anakulaka pole-pole, anachagua miba moja-moja, na joto mule ndani, na arufu ya mazuti, ile mafuta ya moteri, na zile gile zinaanza kuteleza chini yangu.

Halafu mikro, ile spika ya meli, ikalia. Dada wa kofia alikuwa anahesabu batu mbele ya kushuka ku kisiwa, akaona mumoja anapunguka. Akaita jina yangu. Akaita tena. Nikasikia mbio juu ya kichwa yangu, nikasikia milango ya kabine zinafunguliwa, ya choo inafunguliwa. Nikajisemea, toka sasa, Mama Masika, toka. Mais mukwe alikuwa bado pale, ameshasimama, sahani imebaki chini. Nikasema ngoja aondoke kwanza, ataenda kunitafuta mbele, mimi nitatokea nyuma nikisema nilikuwa naangalia ndege. Nilikuwa natengeneza uongo ndani ya stoko ya gile na samaki mu shavu, mimi mama wa kwaya.

Kisha mutu akapaza sauti kule juu kama iko kitambaa inaelea ku mayi.

Bamama, kilio ya Masika ile dakika, naomba Mungu nisiisikie tena. Alilia kama batoto benye bamefiwa. Na Yaya Kahindo, ile sauti yake ya diakonesi yenye haitetemekake, nikaisikia inasema, "Ni ya kwake. Ni kitambaa ya mama." Na mukwe yangu alikuwa pale mbele ya mulango. Nikaona mikono yake inashuka ku viatu. Akavua moja. Akavua ya pili. Akaviweka pembeni, vizuri, kama mutu anaingia mu nyumba. Gile yake haikukuwa mu mwili. Nikaona miguu yake inaenda ku ile chuma ya pembeni, moja inapanda.

Sijue nilipita namna gani. Sikumeza hata ile samaki. Nilisukuma mulango na bega, gile zote zikanifuata, zikamwagika kama mahindi mu gunia yenye imepasuka, mimi katikati, kichwa wazi, mafuta ku kidevu, na nikaita jina yake, ile jina sijataja mbele yake tangu alikuja kuoa mutoto yangu:

"Kambale! Shuka pale. Niko hapa."

Akageuka. Mubaharia mumoja alishamushika mukanda. Alinitazama, akatazama ile sahani, akatazama ule mulango, na niliona anaelewa yote. Kisha akaja, miguu bila viatu juu ya biazi, akanikumbatia. Mbele ya batu. Mukwe yangu akanikumbatia mimi mama-mukwe yake, akaweka kichwa ku bega yangu, akalia kama mutoto. Mimi nilisimama tu, mikono wima, sikujua niiweke wapi, batalii banapiga makofi, bengine banapiga picha, kapiteni anakuja na hasira yake juu ya mulango nyekundu na wakati yenye tulibapotezea batu yote. Alinisemesha kama mwanafunzi. Nilikubali yote.

Kisha wakati kapiteni aliondoka, ikabaki Yaya Kahindo. Nikajisemea, Masika, mutoto yangu, nimekumaliza. Akaangalia sahani yangu chini. Akaangalia ile ingine pale kando ya viatu. Akauliza hii ya pili ni ya nani. Kambale akafuta macho akasema ni ya kwake, kama yeye naye alijificha, na kama Kalunguta yote haina mama mwenye kushika bukwe kupita mimi, juu nilikuwa tayari kufa ndani ya stoko kuliko kumuona anatafuna. Alisema ile bila kucheka.

Yaya Kahindo akatoa fulari yake ku shingo, kitambaa ya hariri, akaja nyuma yangu akanifunga kichwa, akakaza mpaka paji yangu iliuma. Akamuambia Masika akaushe machozi, mutoto anasikia. Ni yote alisema. Lakini tangu ile siku sijasikia tena mambo ya chumvi na malezi, na ile fulari hajaiomba, na mimi sijathubutu kurudisha.

Tukarudi ku meza. Balituletea samaki ingine. Nikaweka mikono ku mapaja, juu mazoea ni mazoea. Mukwe yangu akasukuma sahani mbele yangu, macho chini, akasema pole-pole:

"Mama, kuanzia leo ukule fasi macho yangu inakuona."

Nilikula. Sikusikia hata ladha, yeye anaangalia mayi upande mwingine ili nisione haya, na Yaya Kahindo anakula kama hakuna kitu. Mbele ya Mungu, meli sitapanda tena, hata ya bure, hata mujukuu akioa ku kisiwa. Lakini wewe, Mama Kyakimwa, wewe utaenda, tiketi imeshalipwa. Mambo ya Mama Soki ya kutoangalia mayi na kushika chuma, wachana nayo. Shauri yangu ni moja: siku ya kwanza, chakula ya kwanza, kaa mbele ya mukwe yako, fungua kinywa, ukule. Ufe na haya pale pale ku meza, usingoje mpaka avue viatu.