Gundi kwenye Zulia la Baba

Gundi ya viatu ina harufu tamu inayopanda kichwani polepole, na kwa muda mrefu nilidhani ndiyo harufu yenyewe ya kiangazi. Mwaka ule nilikuwa darasa la tatu, tukikaa Kasingirima, Ujiji, katika nyumba ya tofali za kuchoma ambayo sebule yake ilikuwa na dirisha moja lililotazama ziwani. Mvua zilikuwa zimekwisha zamani. Vumbi jekundu lilikuwa limelala juu ya kila kitu, na moshi wa mashamba yaliyochomwa huko vilimani ulishuka ukaziba upande wa pili wa maji, hata milima ya Kongo, ambayo wakati wa masika huonekana karibu kama nyumba ya jirani, ikatoweka kabisa. Ziwa likabaki bila ukingo. Nikitoka shule nilikaa dirishani nikitafuta mahali ambapo maji yalikutana na anga, nisione mstari wowote, na mitumbwi ya mbali ilionekana kama imetundikwa hewani.

Baba alikuwa amepotelea huko. Alifanya kazi kwenye boti ya mizigo iliyokwenda Bujumbura na Kalemie, na mwishoni mwa masika boti hiyo ilipigwa na upepo ikapinduka. Baadhi ya wenzake waliokolewa, yeye hakuonekana. Hatukuwa na kaburi la kwenda kuzuru. Tulichokuwa nacho ni zulia, la bluu lenye maua rangi ya maziwa, ambalo alilinunua Bujumbura akalipandisha kutoka bandarini begani, amelikunja kama gogo, watoto wa mtaa wakimfuata. Kila Ijumaa baada ya chakula alijilaza juu yake chali, mikono chini ya kichwa, na mimi nikijilaza kando yake nikifuata maua kwa kidole mpaka usingizi unanichukua. Alipoondoka, hakuna aliyesema zulia lisikanyagwe, lakini sote tulianza kulizunguka pembeni.

Bibi, mama yake Baba, alikuja kwa ajili ya matanga na hakurudi tena kwake. Chumba kilikuwepo na hakuna aliyemwambia aondoke. Lakini siku ya matanga, mbele ya wanawake waliojaa ukumbini, alikuwa amemwambia Mama kwamba mwanawe aliondoka nyumbani ana homa, na mke mwenye akili asingemwacha mumewe apande boti akiwa mgonjwa. Tangu siku hiyo wale watu wawili waliishi chini ya paa moja wakipitishia maneno yao kwangu. Asubuhi Bibi alikaa kibarazani akimsalimia kila mpita njia kwa Kiha, “Mwakeye,” kwa sauti ya kuimba. Mama akitoka na ndoo yake, Bibi aliinamia tasbihi. “Mwasiti, mwambie mama yako chumvi imekwisha.” Mama alikuwa amesimama hapo hapo, sufuria mkononi. “Mwasiti, mwambie bibi yako nimeshasikia.” Nami nilisema, nikigeuka huku na huku, kama vile walikuwa ng'ambo mbili za ziwa.

Halafu ikaja ile alasiri. Bibi alikuwa amelala chumbani. Makubadhi yake ya ngozi, ambayo aliyavaa kila alipotoka, yalikuwa yameachia soli, na kwa majuma alikuwa akitembea huku moja likipigapiga sakafuni bila kulalamika. Mama alirudi kutoka sokoni na kopo la gundi. Hakuniambia ni la nini. Aliketi kwenye ukingo wa zulia, mahali penye mwanga wa dirisha, akaipangusa soli vumbi, akaanza kupaka gundi kwa kijiti, taratibu, kama anayempaka mtoto dawa. Aliponyoosha mkono kuchukua kubadhi la pili, upindo wa gauni lake ukalivuta kopo. Liliangukia katikati ya maua. Gundi ilitoka bila haraka, rangi ya asali, ikatambaa juu ya zulia na kulishika gauni pamoja nalo. Mama aliliinua kopo, akabaki amelishika. Kisha akachukua tambara, akapiga magoti ili asugue.

“Usisugue.”

Bibi alikuwa mlangoni. Nilingoja aseme, “Mwasiti, mwambie mama yako,” lakini hakunitazama kabisa. Alikuwa anatazama kubadhi lake lililobanwa kati ya magoti ya Mama, lenye soli inayong'aa gundi mbichi. Alilitazama kwa muda. “Usisugue, Mama Mwasiti,” akasema tena, kwa sauti ya chini. “Ukisugua inashuka kwenye nyuzi, hatutaitoa tena. Vua hilo gauni kwanza. Mwasiti, kimbia kwa Mama Neema, aje na barafu.”

Mama Neema alikuwa jirani yetu, muuguzi aliyehamishiwa Kigoma kutoka Mbeya, na friji lake lilikuwa tegemeo la mtaa mzima. Siku hiyo lilikuwa na barafu za ubuyu tu, zile za watoto, nyekundu ndani ya vifuko vya nailoni. Alizibeba kwenye beseni pamoja na kichupa cha dawa ya kutolea rangi ya kucha. Cha kwanza alichofanya ni kuamuru jiko la mkaa litolewe nje na dirisha lifunguliwe lote, maana dawa ile hushika moto kwa urahisi. Bibi aliukagua kila mfuko kama umetoboka, kisha akaipanga mifuko juu ya gundi. Tukakaa kuizunguka, tukiisubiri. Nje hakukuwa na sauti ila ya mtu aliyekuwa akitwanga mahali fulani. Gundi iliyokuwa laini ilianza kufifia rangi na kukakamaa, na Bibi alipoigonga kwa ukucha ikalia kama ganda la yai.

Walianza kuibandua kwa mgongo wa kijiko, Mama upande mmoja na Bibi upande wa pili, kutoka ukingoni kwenda katikati ili isitapakae. Ilitoka vipande vipande. Mimi nilipewa kazi ya kuviokota kabla havijalainika. Iliyoganda kwenye nyuzi ilikataa, na Mama, bila kufikiri, akauliza kama mawese yasingeilainisha.

“Mawese!” Bibi akasema. “Unataka tulipike hili zulia?”

Mama alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla, akajiziba mdomo, na Bibi naye mabega yakaanza kutikisika. Mama Neema aliwatazama, akanitazama mimi, akainamia kichupa chake. Alijaribu dawa kwanza kwenye pembe iliyokuwa chini ya kabati, aone kama rangi ya zulia itachuja. Haikuchuja. Akatuonyesha namna ya kulowesha kitambaa cheupe kidogo tu, kukibonyeza juu ya gundi, kukiinua na kugeuza upande safi, kubonyeza tena. Halafu akaaga akaenda zamu, akatuacha.

Wakabaki wameinama, vichwa karibu kugusana, wakibonyeza na kuinua. Nilikuwa nimejilaza pembeni, macho mazito kwa ile harufu, na nadhani walisahau kama nipo macho. Mama ndiye aliyeanza, bila kuinua uso.

“Nilimzuia, Mama. Nilimfichia viatu vyake. Akaniambia homa imeshuka, na akanisihi nisikwambie, kwa sababu ungekuja kumkalia mlangoni.”

Bibi aligeuza kitambaa chake. “Ningekuja kweli,” akasema. Akabonyeza tena, akaongeza, “Alikuwa hivyo tangu mdogo. Alikuwa ananificha homa ili aende kuogelea. Nilikuwa najua, mwanangu. Hata siku ile ninakusema, nilikuwa najua.”

Mama aliweka kitambaa chini, akalia kwa sauti, kilio ambacho sikuwahi kukisikia hata siku za matanga. Bibi alimvutia kwake, mikono yake yenye gundi ikiwa imenyooshwa juu ili isimguse nywele.

Kesho yake walilisugua zulia kwa povu la sabuni ya mawese, wakalipangusa kwa maji safi mara nyingi, wakalitandaza juani uani. Bibi alilichukua mwenyewe gauni la Mama. Alililainishia gundi kwa mafuta ya mise, yale meupe yanayokamuliwa kwenye kokwa za chikichi, akalifua, akalianika, akalipiga pasi. Kwenye zulia palibaki sehemu ndogo yenye nyuzi ngumu, na tulilirudisha sebuleni tukaanza kulikalia. Ijumaa hiyo Bibi na Mama walijilaza juu yake wote wawili baada ya chakula, wakinong'ona mambo ya Baba ambayo sikuyajua, nami nikasinzia katikati yao.

Sasa naishi Kigoma mjini, karibu na kituo cha reli, katika nyumba yenye vigae. Majuzi mwanangu alimwaga gundi ya kazi za shule kwenye kochi. Nilishuka dukani, nikanunua chupa ya kupuliza yenye picha ya kochi linalometameta, nikapuliza, nikafuta. Kazi ilikwisha kabla chai yangu haijapoa. Sikumwita mtu, wala sikuwa na sababu ya kumwita. Nilisimama sebuleni na kile kitambaa mkononi, nikasikiliza nyumba ya jirani, ambaye hata jina lake silijui vizuri, ikifungwa mlango. Kisha nikamwambia mwanangu avae viatu, twende tukamgongee.