Ada ya Kupanda Mapema

Mama yangu ni mkulima wa Nkubu, na mimi ni bahili. Hayo mawili yajulikane kwanza.

Dada yangu alipojifungua huko Mombasa, Mama aliamua kumpelekea kibuyu cha kuwekea uji wa mzazi, kile alichopewa na mama yake aliponizaa mimi. Kikipasuka, hakuna kingine. Kwa hiyo ilikuwa lazima kisafiri pamoja nasi, kwenye makabati ya juu ya viti vya ndege, na nafasi ya huko huchukuliwa na wanaotangulia kuingia.

Asubuhi ya safari, kampuni ya ndege ikanitumia ujumbe: lipia ada ya kupanda mapema. Nikausoma kwa sauti, nimekasirika kwelikweli. Miaka minane mimi ni mteja wao, kadi yao ya wateja waaminifu ninayo mfukoni, na siku zote wazee walitangulia bure.

Mama akashangaa. "Kupanda mapema? Kwani hao watu wa ndege wanajua nini mambo ya mahindi?"

Ningeweza kumweleza. Sikumweleza, maana nilikuwa nafurahia mno. Ada nayo sikulipa.

Mlangoni wakaitwa waliolipia. Mama akainuka na kibuyu chake kilichofungwa kwa leso, kwa kuwa kwetu mzee haketi akingoja vijana watangulie. Hapo kicheko kikanikauka. Nilijua atarudishwa mbele za watu kwa sababu ya ubahili wangu, na nikaona haya.

"Shosho, umelipia kupanda mapema?" msichana wa tiketi akamuuliza.

"Kulipia nini? Mimi nilipanda kabla mvua inyeshe. Saa hii mahindi imenifika hapa," Mama akajibu, akionyesha kiunoni.

Msichana akacheka hadi akafuta machozi. "Pita, shosho. Sisi kwetu Embu tulichelewa."

Mimi na kadi yangu tukabaki mwisho wa foleni. Nilipoingia, kibuyu kilikuwa juu, salama, na begi langu likakosa nafasi likapelekwa chini na mizigo. Nikaapa sitaipanda tena ndege yao.

Lakini Mama alirudi Nkubu akitangaza kwamba hiyo ndiyo kampuni inayoheshimu wakulima, na nyingine hataki kuisikia. Sasa kila akienda kumwona mjukuu, nalipa ile ada kimyakimya siku moja kabla. Naogopa siku atakayokutana mlangoni na mtu ambaye kwao hawalimi, amwambie kwamba ada imeshalipwa.