Babu Mchoyo wa Zabibu

Jamani, mpaka leo masikio yananiwaka! Likizo hii nilifundisha watoto kutunga hadithi, kwenye ukumbi tulioazimwa na mzee mmoja wa kanisa hapa Miyuji. Neema akaandika kuhusu babu anayewanyima wajukuu zabibu. Mimi na ujuaji wangu nikamwambia, "Mwongezee ubaya! Awafukuze kwa fimbo, kisha aende kusali zabibu zikiwa mfukoni."

Siku ya kufunga, yule mzee akaja, mgeni rasmi. "Shikamoo babu!" Neema akamkimbilia. Nikajipa moyo: kila mzee huitwa babu.

Neema akasoma. Ukumbi ukacheka, mzee akanuna.

"Mjukuu wangu, lini nimekufukuza kwa fimbo?"

Neema akaninyooshea kidole. "Ya fimbo katunga mwalimu, babu. Mimi niliandika ya zabibu tu."