Waya Tuliouzika Siku ya Mvua

Zamani za Wabelgiji tulichimba Kasongo mtaro wa waya wa umeme, wanaume kama ishirini, kutoka nyumba ya mashine hadi hospitali. Kabla ya hapo waya ulipita juu, kwenye nguzo za miti, katikati ya michikichi na miti mikubwa. Kila mvua ya upepo iliangusha tawi, tawi likakata waya, na hospitali pamoja na nyumba za upande ule zikakaa gizani siku mbili, tatu. Mzungu aliyesimamia umeme alichoka. Akasema waya utazikwa, kina cha kifua cha mtu mzima, ulalie mchanga, ufunikwe matofali, halafu udongo. Kapita, msimamizi wetu wa kazi, akapita nyumba kwa nyumba akitutaja. Hatukuulizwa kama tunataka.

Mke wangu alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka kabla ya wakati, na mama yangu alikuwa ameanza kusema mbele za watu kwamba nitafute mwanamke mwingine. Nilipokuwa nikipiga sururu kwenye ule udongo mwekundu mgumu, nilihesabu miezi tu. Wa sita ulipita. Wa saba ukapita. Nyumbani tuliogopa hata kuitaja.

Waya wenyewe ulikuja umezungushwa kwenye magurudumu makubwa ya mbao. Ulikuwa mnene kama mkono, nje ganda la madini ya risasi, ndani karatasi iliyoloa mafuta. Gurudumu moja likiisha, ilibidi kuunganisha na lingine, na kazi hiyo aliijua mtu mmoja tu kati yetu, fundi kutoka Kabambare, mwembamba, asiye na maneno mengi. Alikausha mikono yake kwa kitambaa kabla ya kugusa ile karatasi. Jasho likidondoka, alikata kipande na kuanza upya.

"Adui ya huyu waya ni maji," alituambia. "Tone moja tu. Utafunga muzuri, utamwaga lami ya moto, utafukia. Kisha itapasuka kule chini kama bunduki."

Kilibaki kiungo kimoja, karibu na ua wa hospitali, siku uchungu ulipomshika mke wangu. Dada zake walimleta kwa machela asubuhi. Nilimwona akipita, mimi niko mtaroni, na kapita hakuniruhusu kutoka. Mchana muuguzi alikuja hadi ukingoni akaniita.

"Mutoto amelala kingamo, hawezi kutoka," akasema. "Munganga atamupasua."

Tulikuwa bado tunasemezana upepo ulipokuja. Mti uliangukia waya wa zamani, ukavuta nguzo tatu chini, na ile mashine kule mbali ikanyamaza. Mvua ikafuata, nzito, na mchana ukawa mweusi. Mzungu na nusu ya watu wakakimbilia kwenye nguzo.

"Washeni taa za mafuta," nilimwambia muuguzi.

"Haiwezekani. Dawa ya kumulalisha inashika moto. Tuko na tochi moja tu, na betri imechoka. Munganga anangojea kuran irudi, taa ziwake." Akanitazama. "Lakini muke yako hawezi kungojea sana."

Nilirudi mbio kwenye kiungo. Fundi alikuwa amechuchumaa chini ya turubai, ncha mbili za waya zimefunguliwa mbele yake, chungu cha lami kikitokota pembeni. Upepo uliinua turubai na kurusha manyunyu ndani.

"Fundi, funga."

"Karatasi imeshika unyevu. Lazima mvua ipite, nikaushe upya."

"Muke yangu iko kwenye meza. Anakufa."

"Nikifunga hivi itapasuka, ndugu yangu. Leo, kesho, itapasuka."

Nilipiga magoti katika matope, nikamshika mguu. Sikuwa na haya tena. Nililia mbele ya wenzangu wote, nikamwambia kama ana mama, kama ana mke, afunge. Kapita alituangalia, akageuza uso. Fundi alipangusa ncha zile mara nyingi, haraka haraka.

"Leteni lami," akasema.

Akafunga, akamwaga, tukafukia, naye akamtuma kapita kwenye nyumba ya mashine wawashe, umeme upite kwenye waya mpya. Tukangoja. Halafu madirisha ya hospitali yakawaka, na watu wakapiga kelele za furaha. Mimi sikupiga. Nilisimama kwenye mvua nikitazama dirisha moja, nikiomba kwa maneno niliyofundishwa kanisani na kwa mengine ya bibi yangu.

Muda wa kupika bugali, labda zaidi kidogo. Mlio ukatoka chini, udongo ukaruka, madirisha yakazimika.

Muuguzi alinieleza baadaye. Mtoto, wa kike, alikuwa ameshatolewa. Tumbo la mke wangu lilikuwa bado wazi. Walivuta meza hadi mlangoni, wakamshona kwa mwanga wa mawingu na ile tochi. Mtoto alipumua mpaka mvua ilipokatika, kisha akaacha. Mke wangu akaishi. Munganga alisema kama wangengoja mvua ipite, ningezika wawili. Alisema pia kwamba hatazaa tena.

Kesho yake mzungu alifukua kiungo. Alisimama juu yake akipiga kelele.

"Nani alikuambia ufunge wakati wa mvua?"

Fundi alitutazama, mmoja mmoja, mpaka akafika kwangu. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake. Nikawaza: nikifungwa, nani atamwosha mke wangu? Nani atamzika mtoto? Nikatazama sururu yangu.

"Hakuna mutu," akasema fundi. "Ni mimi."

Walimpeleka gerezani, kisha wakamfukuza kazi. Fundi mwingine aliletwa, akafunga siku ya jua, na tangu hapo upande ule haukukosa umeme kwa sababu ya upepo.

Kiangazi kilipofika niliazima baiskeli nikaenda Kabambare kumtafuta yule fundi wa kwanza. Nilimkuta mama yake akimenya mihogo. Mwanawe hayupo, alisema, amekwenda kutafuta kazi ya kuchimba upande wa Lusangi, na hakuna habari zake.

"Mama, mimi ndiye nilimusihi afunge ule waya. Na sikusema."

Kisu kikasimama mkononi mwake.

"Alituambia kulikuwa mutu analia," akasema. "Huyo muke alipona?"

"Alipona."

"Mutoto?"

Nilitikisa kichwa. Akasukuma kigoda kwangu kwa mguu, akaendelea kumenya. Sikuweza kuketi.

Nilifika Lusangi. Nikauliza siku nzima, hakuna aliyemjua. Nikarudi Kasongo, na kwa mara ya kwanza nikamsimulia mke wangu yote, kuanzia turubai mpaka mtaro uliofukuliwa. Alisikiliza akiwa amelala, mkono juu ya kovu.

"Alikutazama?" akauliza.

"Alinitazama."

"Na wewe ukanyamaza."

Akageukia ukutani. Niliketi pale kitandani nikingoja aseme neno jingine, mpaka jua likachwa.