Mama Mizizi amechoka kuletewa udongo mzuri

Saa mbili asubuhi, na tayari Mama Mizizi anagombana na mfuko wa kwanza.

Ameufungua juu ya meza ya mapokezi, amechota udongo kidogo na sasa anausugua kwa kidole gumba. Mweusi, laini, unanuka samadi. Anamtazama mkulima aliyeuleta, mzee aliyevaa koti lake la kutokea.

"Huu umeutoa wapi, baba?"

"Shambani."

"Shambani sehemu gani?"

Mzee anakohoa. "Nyuma ya banda la ng'ombe. Nimekuchagulia ule mzuri."

"Na mahindi unapanda nyuma ya banda?"

"Hapana."

"Sasa mtoto wako anafeli, wewe unamleta wa jirani afanye mtihani?"

Wanaosubiri kwenye benchi wanacheka. Wawili kati yao wanasukuma mifuko yao taratibu kwa mguu, hadi chini ya benchi.

Mama Mizizi ni mpima udongo. Ana miaka kumi na mmoja katika maabara hii ya chumba kimoja, yenye rafu za makopo na kipimo cha uchachu kinachogoma siku za joto. Jina hilo alipewa na wakulima, kwa sababu haingii shambani bila kung'oa mmea na kumwonyesha mwenye shamba mizizi yake.

Kwa hesabu yake, katika kila mifuko kumi anayopokea, sita ni ya uongo. Ameletewa udongo wa kichuguu na udongo wa jalala la majivu. Mlinzi mmoja alimletea wa kwenye chungu cha maua, ofisini anakolinda.

"Si ujinga, ni aibu," anasema, huku akikung'uta mikono. "Mtu hawezi kumkaribisha mgeni chumba ambacho hakijafagiliwa. Lakini mimi si mgeni jamani! Mimi ni kama daktari. Mficha uchi hazai, na shamba lake halizai vilevile."

Anachotafuta ni udongo mchachu. Kipimo kikishuka chini ya tano, aluminiamu iliyokuwa imetulia ndani ya udongo huyeyuka na kuunguza ncha za mizizi. Mizizi inabaki mifupi, minene, ya kahawia. Mkulima anaongeza mbolea, mmea unazidi kudumaa, na baadhi ya mbolea hizo huzidisha uchachu wenyewe.

"Ni mtu ameketishwa mbele ya sinia limejaa, lakini vidole vimeungua," anaeleza. "Wewe unamwongezea chakula. Atakula na nini?"

Dawa yake ni chokaa ya shambani, inayochanganywa na udongo mapema kabla ya kupanda. Hapo ndipo ugomvi wa pili huanzia. Akitaja aluminiamu, mtu huuliza nani kazika sufuria shambani kwake. Akitaja chokaa, huulizwa rangi ya nyumba.

Yote hayo anayavumilia. Lisilovumilika liko nyumbani, maana mganga hajigangi.

Mama mkwe wake, mjane mwenye maneno machache na msimamo wa chuma, amepanda lusini kwa misimu mitatu ili apate majani ya ng'ombe. Mara zote majani yameishia kwenye kifundo cha mguu, ya njano. Alikuwa na ng'ombe watatu. Wawili wameondoka kwa kukosa malisho, na huyu aliyebaki ndiye anayemwamsha asubuhi na kumpa sababu ya kutoka nje. Lusini ikikataa tena, naye ataondoka.

Kabla ya msimu wa kwanza, mama huyo alipanga foleni maabara kama watu wengine, na mfuko wake mkononi. Mkwewe aliona haya kumhoji mbele za watu. Akapima, akaandika sita na nusu, udongo safi, akatia sahihi na mhuri.

Udongo ulitoka kwenye jalala la majivu ya jikoni, na majivu hupunguza uchachu.

"Ile karatasi ameitia fremu," anasema Mama Mizizi, na sauti inampanda. "Iko sebuleni, juu ya picha ya harusi yangu! Nikimwambia shamba linaumwa, ananiuliza amwamini nani, mimi au sahihi yangu. Nikiomba nichimbe, anasema ndoo yangu ya kuchukulia udongo ikionekana shambani, majirani watajua ana shamba gonjwa. Mama mkwe utamjibu nini? Nanyamaza, nameza."

Mwaka jana, kabla ya msimu huu wa tatu, alichoka kunyamaza. Akampelekea mifuko minne ya chokaa, akamwambia, "Mama, hii ni ya kule."

Jumamosi alasiri anaongozana na mwandishi wa makala haya kwenda kuona "kule" kulikuwa wapi. Nyumba inaonekana tangu barabarani, nyeupe pe, kuta zote nne. Mwandishi anaegemea ukuta na kutoka na mgongo mweupe, kwa kuwa chokaa ya shambani haishiki ukutani.

"Imependeza, siyo?" mama mkwe anasema. "Mkwe wangu ananijali."

Mama Mizizi anafumba macho kidogo. Kisha anazunguka nyuma ya nyumba, asije akasema neno la kujutia.

Lusini ya shamba zima ni ya njano, fupi. Lakini pembeni, karibu na pipa la maji, pana duara dogo, upana wa mkeka, ambapo imefika magotini na kukoza kijani.

"Mama, hapa uliweka nini?"

"Sikuweka kitu. Hapo ndipo nilipokorogea chokaa, nyingine ikamwagika."

Mama Mizizi anachutama. Anang'oa mmea mmoja wa njano na mmoja wa kijani, anaiweka sambamba kwenye kiganja cha mama mkwe wake. Mzizi wa kwanza ni kama kidole kilichokatwa. Wa pili unaning'inia hadi kwenye kiwiko.

Mama mkwe anaigusa mizizi kwa kidole, mmoja baada ya mwingine. Ng'ombe analia bandani. Anageuka kuitazama nyumba yake nyeupe.

"Hivi," anauliza polepole, "ile ya ukutani inakwanguka?"

Mama Mizizi anacheka mpaka anakaa chini, na machozi yanamtoka, hasira ya misimu mitatu yote humo.

"Iache, mama. Nyumba imependeza. Mvua bado miezi miwili, nitaleta nyingine. Ila safari hii nipime kwanza."

Mama mkwe anatupa jicho upande wa jirani, kisha anaufunga mzizi mrefu kwenye pindo la kanga yake.

"Basi Jumamosi ijayo njoo na ndoo yako," anasema. "Na upite njia ya mbele."