Ng'ombe Analala Wapi?

SHINYANGA, 1983. Saa mbili asubuhi Mwamvua Nassibu anaunganisha karatasi mbili kubwa kwa uji wa muhogo. Zikikauka zitafunika meza nzima, ndipo achore safu kwa rula ya mbao. Pembeni yake zipo kadi za wafugaji 86. Keshokutwa, Ijumaa, lori la chanjo ya chambavu, ugonjwa unaoua ng'ombe ghafla, linaondoka, na dawa itagawanywa kijiji kwa kijiji kwa kufuata karatasi hii.

Mwamvua, mwenye miaka 41, ni karani katika ofisi moja ya mifugo. Kila kadi ina mfugaji mmoja na ng'ombe wake wote, wamesongamana humo kama nguo sandukuni. Yeye huwatoa mmoja mmoja, kila ng'ombe na mstari wake: rangi, umri, mwenyewe, kijiji.

"Watu wanadhani ni kunakili tu," anasema. "Kunakili! Wee, jaribu siku moja uone mgongo utakavyokuuma."

Mwaka jana hakuwatoa mmoja mmoja. Muda ulimbana, akachukua jumla iliyoandikwa mbele ya kadi. Mzee Mabula: ng'ombe 60. Dawa ya ng'ombe 60 ikapelekwa kijijini kwa Mabula.

Kumbe 22 kati yao hawakuwa kwake. Wafugaji wa huku huweka baadhi ya ng'ombe kwa marafiki, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usiwamalize wote. Anayewatunza hunywa maziwa. Kumi na wawili walikuwa kwa Scolastika, Mama Limi, mjane wa kijiji kingine, njia ya Kolandoto. Bwana mifugo aliyaandika hayo yote nyuma ya kadi. Mwamvua hakuigeuza.

Chambavu ikaua saba wa kwa Mama Limi. Watoto wake wakakosa maziwa msimu mzima.

"Alikuja hapa kwa miguu. Nikajua leo natukanwa," anakumbuka Mwamvua. "Wala! Akanisalimia vizuri, 'Mwangaluka, Mama Zamoyoni.' Halafu akaniuliza, 'Ng'ombe anayelala kwangu, kwenye karatasi yako umemlaza wapi?' Nililia mbele yake."

Mwaka huu ameongeza safu: Analala wapi. Mkuu wake, Bwana Donatus, aligoma, kwa kuwa fomu ya mkoa haina safu hiyo.

"Nikamwambia, mzee, fomu sikuitunga mimi, ila wale saba ni wangu."

Bwana Donatus akaiacha safu ibaki. Asubuhi hii ndiye aliyekoroga uji wa kugundishia, tena umejaa madonge, na Mwamvua hajaacha kumtania.

Kufikia jioni zimebaki kadi tisa. Anataka mwakani safu hiyo ichapwe kwenye fomu, karani atakayemfuata asijifunze kwa msiba. Na ameomba nafasi kwenye lori la Ijumaa.

Kidole chake kinasimama mstari wa 412: jike jeusi, miaka minne, mwenyewe Mabula, analala kwa Mama Limi. Chini yake wamefuatana wanne.

"Ndio waliobaki," anasema. "Nitasimama zizini nihesabu sindano tano. Hapo ndipo nitampa jibu lake."