Leso za Gavana Kabla ya Matokeo

Meli kutoka bandari ya Huangpu, huku China, huchukua zaidi ya mwezi kufika kwetu Pwani, kwa hiyo anayetaka kuuza leso siku ya sherehe lazima azichapishe mapema. Kwa Idi na kwa harusi ndivyo tufanyavyo. Mimi, mjuaji, nikafanya hivyo kwa uchaguzi wa gavana. Vyama viwili vilikuwa vimeungana na kusimamisha mgombea mmoja, nami sikuona wa kumshinda. Maneno ya leso niliyachagua mwenyewe: "Hongera gavana wetu, muungano umeshinda." Laoban wangu wa mtaa wa Guangyuan Xilu, yaani mwenye duka anayenichapishia, aliniuliza kama kura zimeshapigwa. Nikamwambia hilo aniachie mimi.

Kura zilikuwa zingali zinahesabiwa nilipoletewa picha kwenye simu, nikiwa mkahawani kwenye barabara ya Huanshi Zhonglu na sahani ya wali mbele yangu. Ilikuwa leso yangu. Mume wangu, anayekaa dukani kwetu kule nyumbani, alikuwa amefungua robota moja na kuuza chache. Chini ya picha mtu ameandika kwamba kura zimeibwa, ushahidi huu hapa, leso zilishatoka China kabla ya matokeo. Akautaja mtaa wetu, na duka.

Nikaisukuma sahani kando. Nilimpigia mume wangu simu tena na tena, haikupokelewa. Mfanyabiashara wa Nairobi niliyekaa naye meza moja aliitazama ile picha, akanirudishia simu na kusogeza kiti chake mbali nami.

Mwishowe mume wangu alipokea, akinong'ona.

"Nimejifungia dukani. Wametangaza sasa hivi, mtu wetu amepita."

"Na hizo kelele?"

"Kuna watu wanagonga mlango. Sijui ni wetu ama ni wale wengine. Nifungue, mama watoto?"

Niko China, na ndiye ninayeulizwa. Nikamwambia asifungue, wala asiitike. Nikabaki na simu sikioni, nikisikia bati la mlango likipigwa na yeye akihema, nikajichukia kwa tamaa yangu.

Walikuwa wanawake wa mtaani, wamekuja kununua leso. Alipozitambua sauti zao alifungua, na mzigo wote ukaisha siku ile. Wafanyabiashara wenzangu wa Xiaobei, mtaa wa Waafrika huku China, walinicheka hadi wakachoka.

Tangu hapo nimerudi nyumbani mara mbili. Mume wangu hutia komeo mchana kweupe, na nikigonga huuliza ni nani. Nikijibu kuwa ni mimi, huuliza tena.